Mwalimu Asiyejua Kuzama

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba naogopa maji alikuwa bawabu wa duka la vitambaa katikati ya jiji la Johannesburg. Mvua ilikuwa imetoka kupiga na barabara imejaa. Nilikuwa nimesimama ukingoni na begi langu la vipuri vya cherehani, natafuta mahali pa kuvukia. Niliwaacha watu wanne wapite mbele yangu. Alipopita wa tano, sauti ikasema nyuma yangu kwa Kiswahili cha Lubumbashi:

"Baba, ile mayi inafika ku kifundo ya muguu tu. Haiko polisi. Unamukimbia nini?"

Niligeuka. Alikuwa mzee aliyenyooka kama mlingoti, sare yake ya ulinzi imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, filimbi shingoni. Nikamwambia siogopi, nalinda viatu tu. Akaviangalia viatu vyangu, vilivyokuwa vimechakaa, kisha akaniangalia mimi.

"Jumamosi, saa tatu asubuhi," akasema. "Uje na taulo."

Baadaye nilijua kwamba wanafunzi wake karibu wote aliwaokota hivyohivyo. Alikuwa akisimama mlangoni pa duka kutwa nzima, na mvua ikinyesha aliwatazama watu wanavyovuka madimbwi. Alisema anayeogopa maji hatazami maji. Anatazama watu wengine, aone kama watatoka.

Sitaandika alizaliwa lini wala ukoo wake, kwa sababu sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Tulimwita Mwalimu. Wakongo wengine walimwita Papa, yaani baba, na meneja wa bwawa, mama wa Kizulu tuliyezoea kumwita Sisi, yaani dada, alimwita Papa pia. Kwa miaka sita ametufundisha kuogelea katika bwawa la manispaa, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka Yeoville, mtaa tunaoishi, kila Jumamosi ya miezi ya joto. Ninamwandika sasa kwa sababu mwaka huu nusura darasa hilo lifungwe. Lilining'inia kwenye karatasi moja. Ilitangazwa kwamba yeyote anayefundisha bwawani lazima awe na cheti cha uokoaji cha hapa Afrika Kusini, apimwe kabla ya bwawa kufungwa kwa majira ya baridi, na asiye nacho asirudi. Katika mtihani huo kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu wetu hakuliweza. Lakini kwanza niseme ni mtu wa namna gani.

Maji aliyajua ukubwani. Akiwa kijana alitoka Lubumbashi kwenda Tunisia kusomea umakanika, masomo yakakatika njiani, akajikuta katika mji mdogo wa pwani ya Mediterania akitafuta chakula. Akapata kazi ufukweni. Alikodisha boti za kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, akavuta kayaki mchangani, akawafungia watalii mbao za matanga, na alipokwisha kujifunza kuogelea akapandishwa cheo: akakaa juu ya kiti kirefu cha mbao, akilinda waogeleaji. Alikaa kwenye kiti hicho miaka saba.

Mji ule hakuusifia. Ukimwuliza ulikuwaje, alikwambia upepo ulivuma kutoka wapi na saa ngapi. Alikumbuka kwamba Wajerumani waliingia majini asubuhi na mapema, Waitalia saa tano, na wenyeji jioni, baada ya jua kupungua, familia nzima, bibi akiwa na nguo zake zote. Alikumbuka Mfaransa mmoja mnene aliyekodi boti kila siku kwa wiki mbili na hakukanyaga hata mara moja. Alilala ndani yake, kamba ikiwa imefungwa kwenye nguzo. "Huyo njo muteja," alisema Mwalimu. "Haendi fasi yoyote, hazami, analipa."

Darasa lenyewe lilianza kwa hasira. Kila Desemba watu wa Yeoville hupanga mabasi kwenda Durban kuona bahari, kwenda na kurudi. Hurudi wamechoka, wamebeba chupa za maji ya bahari kwa ajili ya jamaa waliobaki, na hadithi za mawimbi. Mwaka mmoja msusi fulani alikuwa akisimulia mbele ya duka la vitambaa jinsi alivyoingia baharini mpaka kifuani.

"Ulivaa nini?" Mwalimu akauliza.

"Jinzi."

"Jinzi! Jinzi ikilowa inakuwa jiwe, mama. Unaingia mu bahari na mawe mbili mu miguu?"

"Sasa ningevaa nini, Papa? Na watu wote wale wananiona?"

Kwa maelezo yake mwenyewe, hakula vizuri siku hiyo. Jumamosi iliyofuata akaenda bwawani kumwomba Sisi ampe kona moja, saa moja tu kwa wiki. Sisi alimwuliza kama ana cheti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, ya Kifaransa na Kiarabu, yenye mhuri wa nanga. Sisi akaigeuza juu chini, akasema, "Eish, Papa, hii siwezi kuisoma, lakini mhuri ni mzuri." Akampa kona.

Hakufundisha watoto. Watoto, alisema, shule itawafundisha, tena kwa Kiingereza. Mama zao ndio hawana pa kwenda. Kwa hiyo tulikuwa watu wazima kumi na wawili, wasusi, mafundi cherehani, Mrundi mmoja anayeuza soksi karibu na Joubert Park, Wakenya wawili wenye kibanda cha chai, na mama mmoja wa Uvira, mji wa kando ya ziwa, anayeuza ndagala, yaani dagaa wakavu. Kila mmoja alipewa kofia ya kuogelea ya rangi yake. Mwalimu hakutuita majina tukiwa majini. "Ukiita Marie, watu watatu wanageuka, na ule mwenye kuzama hageuki," alieleza. "Ukiita Njano, ni Njano." Mimi nilikuwa Kijivu. Nilikuwa natembea Yeoville na mkoba wangu wa kazi, mtu ananiita kutoka ng'ambo ya robot, yaani taa za barabarani, "Kijivu! Magoti yanaendeleaje?" kwa sababu magoti yangu, kwa miezi mitatu ya kwanza, yalikataa kunyooka.

Alikuja na bendera pia, tatu, alizozishona kwa vitambaa vya dukani kwake: kijani, njano, nyekundu, kama zile za ufukweni za kuonya hatari. Kila Jumamosi alipandisha moja kwenye mpini wa ufagio, pembeni mwa bwawa la mita ishirini na tano lisilo na wimbi hata la kuyumbisha kijiti. Wavulana wa mtaani walicheka sana. Mmoja alimwuliza kama leo kuna papa.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Januari. Jua lilikuwa kali na bwawa limejaa watu. Mwalimu akashusha kijani, akapandisha nyekundu, akapuliza filimbi.

"Tokeni."

Tukatazama juu. Kulikuwa na wingu moja tu upande wa kusini, dogo.

"Mwalimu, mvua iko wapi?" akauliza muuza soksi.

"Siongei mvua. Naongea upepo. Umegeuka. Tokeni."

Tulitoka tukinung'unika, tukasimama chini ya paa la vyumba vya kubadilishia nguo huku tukitetemeka na kuona haya mbele ya wavulana waliobaki majini wakituonyesha vidole. Sisi alitoka ofisini, akaiona bendera, akamtazama Mwalimu, akatazama wingu. Akawatoa wote. Hatukumaliza kuvaa viatu kabla radi haijapiga mti nyuma ya ukuta, na mvua ya mawe ikaja, mawe makubwa kama mayai ya kware, maji yote ya bwawa yakawa kama yanachemka. Mwalimu alikuwa amesimama anakunja bendera yake isilowe.

"Kule walikuwa na bahari," akasema. "Hapa muko na mbingu. Ni kitu kimoja."

Tangu siku hiyo hakuna mvulana aliyecheka bendera.

Nisije nikamfanya mtu asiyekosea. Alikosea, na kosa lake kubwa lilikuwa letu wote. Mwezi wa kwanza wa darasa alitufundisha kulala chali juu ya maji. "Jaza kifua," alisema. "Jaza mpaka mwisho, lala, usifanye kitu. Mayi itakubeba." Alisema kwa uhakika wa mtu aliyeona jambo hilo maelfu ya mara. Nikajaza kifua, nikalala, sikufanya kitu, na miguu yangu ikashuka polepole kama mtu anayeketi kwenye kiti, kisha mimi wote nikaifuata. Alinishika kola ya fulana. Akaniambia nirudie. Nikashuka tena. Akamjaribu muuza soksi, mwembamba kama mimi, naye akashuka. Mwalimu akasimama katikati ya bwawa akiwa na uso wa mtu ambaye ufunguo wake umekataa kufungua mlango wake mwenyewe.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi wote tulilisimulia mwaka mzima. Akachota maji kwa kiganja, akayaonja. Akatema.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.

Hakuwa anatania. Katika maisha yake yote hakuwahi kuogelea mahali pengine ila bahari ile yenye chumvi nyingi, inayombeba mtu hata asipotaka. Lubumbashi alikuwa anaoga kwa ndoo. Hapa Johannesburg alikuwa hajaingia bwawani hata mara moja.

Wiki iliyofuata alikuja mapema. Akatupanga ukingoni, akavua kofia yake ya ulinzi, akasema, "Juma lililopita niliwafundisha bahari. Leo tutajifunza bwawa. Na mimi najifunza." Mikono ikapandishwa juu ya kichwa, miguu ikapigwa kidogo, na ikawezekana. Desemba ilipofika akamwagiza msusi wa jinzi amletee chupa moja ya maji kutoka Durban. Tukapanga mstari, kila mtu akaonja kwa ncha ya ulimi, kama dawa. "Munaona?" alisema. "Sikuwadanganya. Nilikuwa tu mbali."

Kati ya wanafunzi wote, aliyemsumbua zaidi ni mama wa Uvira. Yeye hakuokotwa dimbwini. Alikuja mwenyewe, amevaa kitenge juu ya nguo ya kuogelea, kumtazama huyo mtu wa Katanga, mkoa wa migodi alikotoka Mwalimu, anayefundisha watu maji.

"Weye mutu wa migodi," alimwambia siku ya kwanza, mbele yetu wote, "mayi uliyaona wapi? Mu ndoo?"

"Na weye mutu wa ziwa, unajua kuogelea?"

"Nimezaliwa mita hamsini kutoka ziwani!"

"Sikuuliza nyumba yenu. Nimeuliza kuogelea."

Akaingia ili amwonyeshe. Akaenda chini moja kwa moja, kimya, akakaa huko. Mwalimu alikuwa ameshavua viatu mama alipotokea upande wa pili wa bwawa, akiwa ametembea kwa miguu juu ya sakafu yake, mkononi ameshika kibanio cha nywele ambacho mtu alikipoteza. Hakujua kupiga mkono hata mmoja. Kuelea ndiyo hakujua kabisa. Ukimlaza chali alitoa pumzi yote na kushuka kama sahani. Alitueleza kwamba huko kwao wasichana hawakuruhusiwa kucheza majini na wavulana. Walikwenda ziwani kuosha vyombo. Na chombo kikiponyoka kikazama, huwezi kurudi nyumbani bila chombo. Kwa hiyo walijua kushuka. Juu ya maji hawakuwa na kazi.

Ilimchukua Mwalimu misimu miwili kumfundisha kulala juu. Waligombana kila Jumamosi, mama akiwa na kofia yake nyekundu. "Nyekundu! Jaza kifua!" "Nimejaza!" "Umejaza maneno, haukujaza hewa!" Siku alipoelea kwa mara ya kwanza, mikono imetandazwa, macho yametazama mawingu, alianza kulia, machozi yakaingia masikioni, akasema hajawahi kupumzika majini tangu azaliwe. Mwalimu alimpa sifa yake kubwa kuliko zote, ambayo mimi nimeipata mara moja tu katika miaka sita:

"Haiko mubaya."

Alikuwa na mambo yake yanayopingana. Samaki hakula, hata ndagala wa bure wa mama wa Uvira. Alisema amewaona wakiwa kazini. Alitayarisha watu kwa ajili ya bahari kila mwaka na yeye mwenyewe hakupanda basi la Durban hata mara moja, kwa sababu Desemba ndipo duka hujaa na hapewi likizo. Wala hakuonekana kusikitika. Mara moja muuza soksi alimwuliza ameokoa watu wangapi huko Mediterania.

"Hakuna."

"Miaka saba, Mwalimu?"

"Miaka saba. Hakuna mutu alizama. Nimuokoe nani?"

Tukacheka, yeye hakucheka. Alidhani ametujibu vizuri, na nikifikiri sasa, alikuwa ametujibu vizuri.

Lakini kinyume kikubwa kilikuwa hiki. Kutwa nzima alitupigia kelele, "Uso ndani! Uso ndani ya mayi!" Na yeye, akiogelea, aliinua kichwa chote juu, shingo imenyooka kama bata, nywele zake za mvi kavu kabisa. Nililiona hilo msimu wa kwanza, nikangoja, kwa sababu kuna maswali ambayo mtu hujibu yakichelewa. Msimu wa nne nilimwuliza. Alisema alipofundishwa kuogelea, yule mzee wa ufukweni aliyemfundisha alimwambia jambo moja: ukienda kwa mtu, usimwondolee macho; ukishusha uso mara moja, ukiinua unaweza usimwone tena. Basi hakushusha. Miaka saba hakushusha. Na baada ya hapo, mwili ukakataa. Alikuwa hajawahi kuuzamisha uso wake wote, sembuse kwenda chini.

"Kwa hiyo kuzama haujui," nikamwambia.

"Sijui," alisema, akatazama huku na huku, kisha daftari ninaloandikia mambo ya darasa. "Usiandike."

Ndipo lilipokuja tangazo la cheti.

Sisi alilileta mwenyewe, amelishika kwa vidole viwili kama kitu kinachonuka. "Papa, si mimi. Ni kwa mabwawa yote." Mwalimu alinipa nimsomee, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha mlangoni tu, cha kukagua risiti. Nikasoma: kuogelea urefu wa bwawa mara kadhaa ndani ya muda uliowekwa, kumvuta mtu aliyezimia, maswali ya huduma ya kwanza, na mwisho, kushuka mpaka chini kwenye kina kirefu na kupandisha tofali la mpira. Nilipofika kwenye tofali nikapunguza sauti. Aliniambia nisome tena hapo.

Mtahini alikuja mwezi Machi, msichana mpole aliyekulia Durban. Darasa zima tulikaa ukingoni. Mwalimu aliogelea kwa kichwa juu na bado akamaliza mapema. Akamvuta muuza soksi, aliyeambiwa ajifanye amezimia na akashindwa kuacha kucheka, mpaka akameza maji na nusura azimie kweli. Maswali alijibu kwa Kifaransa, lugha aliyojifunzia huduma ya kwanza, mimi nikiwa mkalimani, na Kifaransa changu ni cha kuokota kwa wateja, lakini tulivuka.

Kisha tofali. Alijaza kifua, kama alivyotufundisha sisi sote, akajaza mpaka mabega yakainuka, akainama, akapiga miguu. Nyayo zake zikapiga hewa mara tatu, na Mwalimu akarudi juu kama kibuyu. Akajaribu tena. Kibuyu. Mara ya tatu alipiga kwa nguvu zote mpaka maji yakaturukia, na hata kiuno hakikuzama. Alipotoka alikuwa anatweta na hakututazama.

Msichana alisema angerudi baada ya wiki mbili, siku ya mwisho kabla bwawa halijafungwa. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

Tulikaa kwenye majani nje ya uzio. Msusi mmoja alisema tunaweza kuhamia bwawa jingine, lakini sheria ni moja kila mahali. Mwalimu alikuwa anafunga bendera zake kwa kamba.

"Ku kazi wananiita security," alisema. "Miaka kumi na moja, hata bosi hajui jina. Hapa munaniita Mwalimu." Akakaza fundo. "Bon. Ilikuwa muzuri."

"Ilikuwa?" mama wa Uvira akaruka. "Nani amesema ilikuwa? Papa, mimi nimekuangalia pale. Unashuka na kifua kimejaa?"

"Sasa nishuke bila hewa?"

"Toa hewa! Toa kidogokidogo, mwili utakuwa muzito, utashuka mwenyewe."

"Nitoe hewa mu mayi? Ile njo kufa, mama."

"Ile njo kushuka. Kufa ni kitu ingine."

Alikataa. Alisema tangu ujana wake amewaambia watu wajaze kifua, na hawezi sasa kuanza kutoa. Mama wa Uvira alisimama, akajipangusa majani. "Miaka miwili ulinipigia kelele mpaka nikajaza," akasema. "Sasa zamu yangu. Kesho kutwa saa kumi na moja, ukitoka kazini. Usichelewe, mimi sipendi wanafunzi wa kuchelewa."

Sisi aliwafungulia lango. Nilikwenda mara tatu kati ya siku zile, cherehani zikiniruhusu. Siku ya kwanza mama wa Uvira alimletea kofia, na kwa kuwa rangi zote zilikuwa na wenyewe, aliyopata ilikuwa ya waridi. Mwalimu aliivaa, akaivuta mpaka masikioni. Nadhani hapo ndipo nilipojua kwamba anataka kweli. Mama akatupa sahani ya bati kwenye kina kifupi.

"Waridi! Uso ndani!"

Akaushusha uso wake. Akaudumisha kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, akauinua kwa kasi, akageuka kutafuta kama sote bado tupo.

"Tuko wote," mama akamwambia, safari hii bila kelele. "Hakuna mwenye kuzama. Mimi nawaangalia. Weye angalia sahani."

Nilisikia alivyolisema, na nikaona jinsi lilivyomwingia. Tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu mwingine analinda. Akashusha uso tena, na mara hii mapovu yakapanda.

Siku ya tano alileta sahani kutoka kwenye mita moja. Siku ya nane kutoka kwenye mbili, akalalamika masikio, mama akamfundisha kubana pua na kupuliza. Siku ya kumi alifika chini kwenye kina kirefu na kurudi mikono mitupu, amesahau alikwenda kuchukua nini. Alikuwa ameona vigae vya sakafu, alisema. Kuna mistari ya buluu. Miaka sita macho yake yalikuwa kwenye vichwa vyetu, hakujua kuna mistari ya buluu.

Siku ya mtihani ilikuwa na baridi ya asubuhi, na watu wengine walikuwa wamekuja na makoti. Msichana wa Durban alitupa tofali. Likashuka likiyumba, likatulia. Mwalimu alisimama ukingoni katika kofia ya waridi. Mama wa Uvira alisimama upande wa pili, amejifunga kitenge, ameupa mgongo mtihani wote, anatutazama sisi tuliokuwa tumetumbukiza miguu kwenye kina kifupi, mmoja mmoja, kama alivyoahidi.

Mwalimu akaingia. Akavuta pumzi moja, ya kawaida, ya mtu anayetaka kusema jambo. Akazama. Mapovu yakapanda kwa utaratibu, safu moja, kisha yakakoma. Msichana aliangalia saa yake. Muuza soksi alinishika mkono, na alikuwa ananiumiza. Kisha maji yakapasuka, tofali likatangulia, halafu mkono, halafu kofia ya waridi.

"Sharp," alisema msichana, yaani safi, akaandika. "Umefaulu, Papa. Unaweza kutoka."

Kelele tulizopiga zilimtoa Sisi ofisini. Msusi wa jinzi alirukia majini na koti. Mama wa Uvira aligeuka hatimaye, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo kwa mkono mmoja, anahema, anamsikiliza msichana akimweleza mahali pa kuchukua cheti, anaitika kwa kichwa. Msichana akanyoosha mkono apokee tofali.

Hakumpa. Alilitazama kidogo, akanigeukia mimi. "Mwambie nitalirudisha chini mwenyewe."

"Haina haja, Papa," msichana alisema nilipomtafsiria. "Mtihani umekwisha."

"Najua," alisema Mwalimu.

Akatoa hewa na kushuka. Tulisogea wote kwenye ukingo wa kina kirefu. Maji yalikuwa yametulia na ya wazi, tukamwona kule chini akiliweka tofali juu ya mstari wa buluu, polepole, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Halafu hakupanda. Alianza kutembea juu ya sakafu ya bwawa, hatua moja, hatua nyingine, mikono imelegea, akiangalia vigae kulia na kushoto.

Mama wa Uvira aliinama akamtazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Eeh," alisema. "Sasa huyu, nani atamutoa?"